Barua na Hati Zenye Saini ya Martin Van Buren: Mwongozo Kamili wa Kuzitambua, Kuzisoma, Kuzinunua na Kuzitunza

Ukitaja barua ya rais wa Marekani, wengi humfikiria Washington au Lincoln, na hapohapo hukata tamaa kwa sababu ya bei. Mimi niliingia kwa mlango mwingine, na mlango huo ulikuwa Unguja. Tarehe 30 Aprili 1840 meli ya Sayyid Said iitwayo Sultana ilitia nanga New York ikiwa na pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, ngozi na tende, na ndani yake mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman. Zilikuwamo pia zawadi za rais: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mafuta ya waridi, mashali, zulia la Kiajemi na upanga. Rais hakuweza kuzipokea, kwa kuwa katiba ya nchi yake inamkataza kuchukua zawadi ya mtawala wa kigeni bila idhini ya Bunge. Bunge likapitisha azimio ziuzwe na fedha ziingie Hazina.

Rais huyo alikuwa Martin Van Buren. Nilipoanza kumtafuta nikakuta kwamba Wamarekani wenyewe hawamjali sana. Miezi miwili tu baada ya kuapishwa, tarehe 10 Mei 1837, mabenki ya New York yaliacha kuwalipa watu dhahabu na fedha, na uchumi ukaanguka. Wapinzani wakamgeuzia jina wakamwita "Martin Van Ruin", yaani Van Maangamizi. Mwaka 1838 serikali yake iliwafukuza Wacherokee kutoka ardhi yao kwa mtutu wa bunduki, na maelfu walikufa njiani. Uchaguzi wa 1840 alipata kura 60 za wajumbe dhidi ya 234 za William Henry Harrison.

Chuki ile ya zamani ndiyo inayompa mtu wa kipato cha kawaida nafasi leo. Hati halisi ya Van Buren bado inapatikana kwa mamia ya dola, wakati ya Lincoln inataka maelfu mengi. Lakini urahisi wa bei usikufanye uache kuwa makini. Nimejifunza jambo moja kwa gharama, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: saini iangalie mwisho. Anza na tarehe, cheo na aina ya karatasi. Anayekimbilia saini kwanza huwa ameshaamua kuipenda, na macho yaliyokwisha kupenda hayaoni kasoro.

Hatua ya kwanza: jifunze vyeo vyake na tarehe zake

Chukua daftari uandike ukurasa mmoja wa maisha yake. Alizaliwa Kinderhook, jimbo la New York, tarehe 5 Desemba 1782, katika familia ya Kiholanzi. Kiholanzi ndiyo lugha aliyoianza utotoni. Alikuwa wakili, kisha mwanasheria mkuu wa jimbo kuanzia 1815 hadi 1819. Aliingia Seneti ya Marekani mwaka 1821 na kukaa hadi 1828. Alikuwa gavana wa New York kwa wiki kumi tu, kuanzia Januari hadi Machi 1829. Akawa waziri wa mambo ya nje wa Rais Andrew Jackson, 1829 hadi 1831. Makamu wa rais, 1833 hadi 1837. Rais, tarehe 4 Machi 1837 hadi 4 Machi 1841. Baada ya hapo alirudi kwenye shamba lake la Lindenwald, karibu na Kinderhook, akafa huko tarehe 24 Julai 1862.

Ukurasa huu utautumia kila siku. Muuzaji akisema "hati ya Rais Van Buren" na tarehe ni 1830, hiyo ni hati ya waziri. Si ghushi, lakini si ya rais, na bei yake haiwezi kuwa ile ile. Hati za uwakili wake wa ujanani ndizo rahisi kuliko zote, na mimi sizidharau: zinamwonyesha kijana wa kijijini anayehangaikia kesi za mashamba na madeni.

Hatua ya pili: tambua una karatasi ya aina gani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi twende polepole.

Hatimiliki ya ardhi ya serikali kuu ndiyo inayowanasa wageni wengi. Ni karatasi nzuri, mara nyingi ya ngozi, ina jina la Martin Van Buren kwa wino, ina muhuri wa Ofisi Kuu ya Ardhi. Nami nilinunua moja. Tangazo lilisema "imesainiwa na Rais", muuzaji alikuwa na sifa nzuri mtandaoni, nami nikalipa. Ilipofika niliitazama siku tatu kwa furaha, hadi siku ya nne nilipousoma mstari wa chini neno kwa neno. Baada ya jina la rais paliandikwa "By", kisha "M. Van Buren Jr.", kisha kifupisho cha neno katibu. Aliyesaini ni mwanawe, Martin Mdogo.

Sababu yake ni hii. Zamani marais walisaini hatimiliki hizo kwa mkono wao, lakini mauzo ya ardhi yalipokuwa makubwa wakati wa Jackson, maelfu ya karatasi yalirundikana mezani. Machi 1833 Bunge likaruhusu rais awe na katibu wa kuzisaini kwa niaba yake. Kwa hiyo hatimiliki za ardhi za urais wa Van Buren hazina saini yake. Jina lake limeandikwa na katibu. Na kwa kuwa katibu alikuwa mtoto wake mwenye jina lile lile, mtego umekamilika. Hati hiyo bado ni ya kweli na ina historia yake, ila thamani yake ni sehemu ndogo ya ile ya saini ya rais mwenyewe. Kabla ya kununua, nenda kwenye tovuti ya kumbukumbu za ardhi za serikali ya Marekani, ambayo ni bure, utafute jina la mnunuzi wa kwanza wa shamba na jimbo. Utaona picha ya nakala ya ofisini na jinsi ilivyosainiwa.

Hati za uteuzi wa maafisa wa jeshi ni jambo jingine kabisa. Hizi alisaini mwenyewe. Za jeshi la nchi kavu husainiwa pia na waziri wa vita, ambaye kwa kipindi chake alikuwa Joel R. Poinsett. Za jeshi la majini hubeba jina la Mahlon Dickerson hadi 1838, kisha James K. Paulding. Ukikuta hati ya majini ya 1840 yenye jina la Dickerson, simama hapo hapo. Nyingi zimeandikwa juu ya ngozi, na wino haushiki kwenye ngozi kama kwenye karatasi, kwa hiyo saini iliyopauka ni kawaida. Ninayoiogopa zaidi ni saini nyeusi tii juu ya hati ambayo maandishi yake mengine yote yamefifia: huenda mtu ameipitishia wino upya, na hilo huharibu thamani karibu yote.

Pasipoti za meli ndizo ninazozipenda kuliko zote. Meli ya Marekani iliyokwenda mbali ilibeba karatasi yenye saini ya rais na ya waziri wa mambo ya nje, John Forsyth, pamoja na muhuri wa taifa. Aina moja imeandikwa kwa safu za lugha nne: Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kiholanzi. Nyingine ina picha ya meli juu, na ukingo wake wa juu umekatwa kwa mawimbi ili ulingane na kipande kilichobaki kwingine. Rais alisaini karatasi tupu nyingi kwa mpigo, zikapelekwa kwa wakuu wa forodha bandarini, nao wakajaza jina la meli na nahodha wakati wa safari. Kwa hiyo usishangae wino wa saini ukitofautiana na wino wa jina la meli. Hapa tofauti hiyo ni dalili njema. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndio waliokuwa wakija Unguja kwa wingi enzi hizo, tangu Sayyid Said alipofanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Ukipata pasipoti ya meli ya Salem ya miaka hiyo, fuatilia safari yake. Inawezekana karatasi hiyo iliwahi kufika Forodhani.

Kuna pia karatasi fupi ambayo wengi huipita: agizo la rais kwa waziri wa mambo ya nje abandike muhuri wa taifa kwenye hati fulani, kwa mfano msamaha wa mfungwa au mkataba. Ni fomu iliyochapwa yenye nafasi ya kujaza. Saini iko wazi, bei ni ya wastani, na ukijua msamaha ulikuwa wa nani unaweza kuitafuta kesi yenyewe. Kwa anayeanza, ningemshauri aanzie hapa.

Hataza za uvumbuzi zinahitaji tahadhari ya tarehe. Hadi 1836 hataza zilisainiwa na rais na waziri wa mambo ya nje. Sheria ya Julai 1836 ikamwondoa rais. Maana yake Van Buren hakusaini hataza akiwa rais, bali alizisaini akiwa waziri, 1829 hadi 1831, chini ya saini ya Jackson. Karatasi yenye saini za wote wawili ni mali. Na kuna sababu ya ziada ya kuithamini: tarehe 15 Desemba 1836 ofisi ya hataza iliungua Washington na kumbukumbu za hataza zipatazo elfu kumi zikateketea. Nakala iliyobaki kwa mvumbuzi inaweza kuwa ndiyo pekee duniani.

Mwisho kuna barua zake binafsi, pamoja na vipande vya anwani. Wakuu wa nchi hawakulipia posta: waliandika neno "Free" na jina lao upande wa nje, barua ikapita. Saini hiyo ya posta ni ya mkono wake na hupatikana kwa bei nafuu, hasa ya miaka ya Lindenwald. Kuhusu barua zenyewe, uliza zinazungumzia nini. Barua ya kukubali mwaliko wa chakula na barua ya siasa hutofautiana bei mara kumi hata kama saini ni ile ile. Van Buren alikuwa mtu wa siri, mzoefu wa kupanga siasa kwa kalamu, na barua zenye moyo wake ndani ni chache. Hata alipoandika habari za maisha yake hakumtaja mkewe, Hannah, aliyefariki 1819.

Hatua ya tatu: karatasi, wino na mikunjo

Enzi zake karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Ni ngumu, nyororo, na hata baada ya miaka 180 haivunjiki kama gazeti kuukuu. Karatasi ya rojo ya mti ilikuja baadaye. Iinue mbele ya dirisha utafute alama ya maji, yaani chapa ya kiwanda iliyofichwa ndani ya karatasi. Kisha zima taa na uimulike kwa tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Karatasi ikiwaka buluu-nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, ina kemikali za kung'arisha zilizoanza kutumiwa karne ya 20. Hapo hakuna mjadala tena.

Wino ulikuwa wa chuma na nyongo za mwaloni, yaani vivimbe vya mti huo: huandikwa mweusi, ukazeeka kuwa wa kahawia. Uutazame kwa lenzi ya mara kumi. Wino wa kweli una mahali pazito na mahali pepesi, unene hubadilika kalamu inapokandamizwa, na mara nyingine umeila karatasi. Ukiona nukta ndogo ndogo au rangi iliyolala sawasawa kila mahali, ni chapa. Ukiona wino umesambaa kama tone la chai kwenye kitambaa, inawezekana mtu ameandika juzi kwenye karatasi kuukuu iliyochanwa kitabuni. Robert Spring, aliyeghushi barua za Washington karne ya 19, na Joseph Cosey, aliyeghushi za Lincoln na Franklin karne ya 20, wote walijua kutafuta karatasi ya zamani. Basi umri wa karatasi peke yake hautoshi kuwa ushahidi.

Mikunjo nayo husema. Kabla ya Julai 1845 posta ilitoza kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na bahasha ilihesabiwa kama karatasi ya pili. Kwa hiyo watu walikunja barua yenyewe, wakaandika anwani nyuma, wakaifunga kwa lakiri. Barua ya kweli iliyosafiri huwa na tundu au mraruko pale lakiri ilipofunguliwa, na uchafu kwenye migongo ya mikunjo. Stempu za kubandika za serikali ya Marekani zilianza 1847. Ukiletewa barua ya 1839 yenye stempu, rudisha. Angalia pia kama wino umevuja ndani ya mkunjo: hiyo ni alama kwamba karatasi ilikuwa tayari imekunjwa na kuzeeka ndipo ikaandikwa.

Na tafuta maandishi ya mpokeaji. Watu wa wakati ule walikuwa na tabia ya kuandika nyuma jina la aliyeleta barua, tarehe, na pengine maneno mawili ya yaliyomo, kisha wakaiweka kwenye fungu. Mwandiko huo mdogo wa mtu wa pili ni ushahidi ambao waghushi wengi huusahau.

Hatua ya nne: pima maneno kwa kalenda

Ipo barua moja ya Van Buren ambayo imesambaa kwa miaka mingi magazetini, kwenye hotuba, na sasa mitandaoni. Ina tarehe 31 Januari 1829. Gavana Van Buren anamlalamikia Rais Jackson kwamba reli zinatishia mifereji, zitawanyima watu kazi, na kwamba Mungu hakukusudia binadamu asafiri kwa kasi ya kutisha ya maili 15 kwa saa. Inachekesha, inapendeza kunukuliwa, na ni ya uongo.

Ichunguze kwa daftari lako. Januari 1829 Jackson hakuwa rais. Aliapishwa tarehe 4 Machi. Van Buren, mwanasiasa makini kuliko wengi, asingekosea hilo. Reli za abiria Marekani zilikuwa hazijaanza kazi, basi tishio hilo kwa mifereji lilikuwa bado halijazaliwa. Jina limewekwa kwa ukamilifu, "Martin", wakati yeye kwa kawaida alisaini "M. Van Buren". Na hakuna aliyewahi kuonyesha karatasi yenyewe. Hukuhitaji lenzi wala tochi. Tarehe mbili zimetosha.

Fanya hivyo kwa kila barua. Aliyeandikiwa alikuwa hai? Alikuwa na cheo hicho siku hiyo? Van Buren alikuwa mji huo?

Hatua ya tano: sasa itazame saini

Fungua mtandao wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Wana hati zake zipatazo 6,000, zimepigwa picha, na hazina malipo. Chuo Kikuu cha Cumberland kilichoko Lebanon, Tennessee, nacho kina mradi wa kukusanya na kuchapisha nyaraka zake mtandaoni. Chagua saini tano au sita za mwaka ule ule wa hati yako, si za miaka ishirini kabla, kwa kuwa mkono wa mtu hubadilika. Ziweke kando.

Usilinganishe umbo peke yake. Mghushi huiga umbo; kinachomshinda ni mwendo. Saini ya mtu aliyezoea jina lake ina kasi, kalamu hunyanyuka bila kusita, miisho huchongoka. Ya kughushi huwa na mtetemo, vituo katikati ya herufi, na miisho butu. Kisha pima ukubwa, mteremko wa mstari, na nafasi kati ya "Van" na "Buren". Ukikuta saini mbili zinazofanana hadi unywele, moja ni nakala, kwani hakuna binadamu anayesaini vilevile mara mbili.

Ukiwa bado na shaka, mpelekee mtaalamu anayejitegemea ambaye hauzi hati hiyo. Cheti kilichotolewa na muuzaji mwenyewe ni sawa na kauli yake ya mdomo.

Hatua ya sita: isome

Wapo wanaonunua barua, wakaitia fremu, wasiijue inasema nini. Kwangu mimi huo ni upotevu. Mwandiko wa Van Buren ni mgumu, unakimbia na kumezana, na wanaofanya kazi na nyaraka zake huteseka nao. Lakini unasomeka ukiwa na subira.

Piga picha kubwa, uitazame kwenye kompyuta. Andika maneno unayoyajua, acha mapengo, usikisie. Jitengenezee orodha ya jinsi anavyoandika kila herufi ukitumia maneno yasiyo na utata, kama majina ya miezi na ya miji. Kumbuka kwamba "s" mbili mwishoni mwa neno mara nyingi huandikwa kama "fs", ndiyo maana neno Congress huonekana kama lina "f". Mwisho wa barua utaona herufi zilizofupishwa na kupandishwa juu. Hizo ni salamu za adabu, za kujiita mtumishi mtiifu wa mwandikiwa, zisikupotezee muda. Rudi kesho yake ujaze mapengo. Siku ya tatu utashangaa.

Kusoma kuna uzito wake. Nitatoa mfano wa hati niliyoisoma katika chapa, nayo haijanitoka. Tarehe 7 Januari 1840 Van Buren alisaini agizo fupi kwa mkuu wa polisi wa mahakama wa Connecticut. Linamtaka amkabidhi Luteni Paine wa manowari Grampus weusi wote wa meli ya Amistad. Hawa walikuwa Waafrika waliotekwa, wengi wao Wamende kutoka nchi iitwayo leo Sierra Leone, walioasi chini ya Sengbe Pieh na kuikamata meli iliyowabeba. Kesi yao ilikuwa bado mahakamani, lakini manowari ilikuwa inasubiri New Haven iwachukue mara tu hukumu itakapowaangukia, kabla hawajawahi kukata rufaa. Agizo lilitaja mahakama isiyo sahihi, likarudishwa Washington kurekebishwa. Halikutaja jina la Mwafrika hata mmoja. Hukumu ikawapa ushindi, manowari ikaondoka tupu, na John Quincy Adams alipowatetea mbele ya Mahakama Kuu mwaka 1841 aliligeuza agizo hilo kuwa silaha dhidi ya aliyelisaini. Mistari michache, saini moja, na maisha ya watu ndani yake. Mahakama iliwatangaza huru tarehe 9 Machi 1841, siku tano baada ya Van Buren kuondoka madarakani.

Na barua zake zilimwadhibu hata yeye. Aprili 1844, akiwa anatarajiwa kurudi kugombea, alimwandikia mbunge William Hammet wa Mississippi barua ndefu akipinga kuiunganisha Texas na Marekani wakati ule. Ilichapishwa gazetini, watu wa majimbo ya Kusini wakamgeuka, na mkutano wa chama ukampa tiketi James K. Polk. Ukikutana na barua ya majira hayo yenye neno Texas ndani, isome mara tatu kabla ya kuitia bei.

Hatua ya saba: kununua

Uliza maswali haya kwa maandishi, uhifadhi majibu: Hati imetoka kwa nani kabla yako? Imewahi kuuzwa mnadani, lini, na namba gani ya bidhaa? Imefanyiwa ukarabati? Unatoa dhamana ya uhalisi isiyo na mwisho, na kurudisha fedha zote? Anayekwepa swali la kwanza, mwache.

Historia ya umiliki si mapambo. Julai 2011 watu wawili walikamatwa Baltimore wakiiba nyaraka katika maktaba ya historia, na msako ukafichua maelfu ya karatasi zilizochukuliwa katika maktaba mbalimbali. Mkubwa wao alifungwa miaka saba. Hati ya wizi hurudishwa kwa mwenyewe hata kama ulinunua kwa nia safi. Tazama kama kuna muhuri mdogo wa maktaba, namba za penseli pembeni, au kona iliyokwanguliwa. Kisha pitia orodha ya nyaraka zilizopotea inayotolewa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani.

Mtu atakuuliza: nyaraka za rais si mali ya serikali? Za Van Buren, kwa sehemu kubwa, hapana. Enzi hizo rais aliondoka na makaratasi yake kama mali binafsi. Sheria iliyobadilisha hilo ni ya 1978 na inawahusu marais walioingia kuanzia Januari 1981. Lakini karatasi iliyokuwa ndani ya jalada la wizara au mahakama ni ya serikali milele, hata ikipatikana sokoni.

Bei ijengwe hivi: saini iliyokatwa iko chini, kisha saini ya posta, hati za fomu, barua aliyoandika karani na yeye akasaini, na juu kabisa barua ya mkono wake yenye jambo zito ya miaka ya urais. Mimi binafsi sinunui saini zilizokatwa. Mtu aliichukua barua nzima, akatoa kipande cha inchi tatu, akaitupa iliyobaki. Sitaki fedha yangu iwatie moyo wanaofanya hivyo.

Hatua ya nane: kuitunza

Nawa mikono, ikauke vizuri, uishike karatasi kwa kingo. Glavu za pamba ziache; hupunguza hisia za vidole na kurarua kingo. Iweke ndani ya mfuko wa poliesta safi au jalada la karatasi isiyo na asidi, ilale bapa ndani ya boksi. Kamwe usiilaminishe, usitie gundi, usibandike seloteipu hata kama imechanika. Mkunjo unaotaka kukatika mpe mkarabati wa nyaraka.

Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja ana adui wa ziada: unyevu wa pwani. Karatasi hupenda unyevu wa asilimia 35 hadi 50 na ubaridi wa nyuzi 18 hadi 21, na pwani yetu haitoi hivyo bure. Weka pakiti za silika ndani ya boksi lenye kifuniko cha kubana, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu, ubadilishe silika inapolowa. Boksi likae juu, mbali na ukuta wa nje, kwa sababu ya mchwa na wadudu wa karatasi. Ukitaka kuitundika ukutani, tundika nakala nzuri ya picha na halisi ibaki boksini; mwanga ulioufifisha wino haurudishi kitu.

Mwisho, piga picha ya pande zote mbili kwa ubora wa juu na uandike maandishi yake uliyoyafumbua. Wataarifu wale wa mradi wa Cumberland kwamba hati ipo. Wanazitafuta popote zilipo. Kisha chukua karatasi isiyo na asidi, andika kwa penseli ulinunua lini, kwa nani, kwa bei gani, na hati inasema nini kwa Kiswahili, uiweke ndani ya boksi lile lile, nyuma ya mfuko. Atakayelifungua baada yako aanzie hapo.